Mguu Unaolalia Ndani na Kiatu cha Kukimbilia: Majibu kwa Wasomaji wa Mwanza na Ukerewe

Swali

Ndugu Mwandishi, pokea salamu zangu kutoka Pasiansi, hapa Mwanza. Mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 34, na tangu mwaka jana nimekuwa nikikimbia alfajiri pembezoni mwa barabara iendayo Uwanja wa Ndege, upande wa kulia, ili niyaone magari yanayokuja mbele yangu. Nilizoea kilomita 5, lakini wenzangu waliponishawishi nijiandae kwa mbio za kilomita 21 nilipandisha hadi kilomita 14 ndani ya mwezi mmoja. Sasa ninapata maumivu upande wa ndani wa ugoko wa mguu wa kushoto, hasa dakika za mwanzo za mazoezi na asubuhi inayofuata. Muuzaji wa duka moja la vifaa vya michezo alizigeuza raba zangu za zamani, akatazama soli, akaniambia kuwa miguu yangu inalalia ndani kupita kiasi na kwamba bila viatu maalumu nitaharibu magoti. Viatu alivyonionyesha bei yake inakaribia nusu ya mshahara wangu. Nilipokanyaga sakafu ya saruji kwa mguu wenye maji, alama ilijaa karibu unyayo mzima. Rafiki yangu naye anasema ninunue tu vile vilivyo laini kuliko vyote. Nimsikilize nani?

*Mwalimu, Pasiansi*

Jibu

Mwalimu, umeeleza mambo yako kwa utaratibu, na sehemu kubwa ya jibu imo katika mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu: upande wa barabara unaokimbilia, na kasi uliyoongezea kilomita. Nitayafikia, lakini nianze na mguu wenyewe, kwa sababu muuzaji amekutia hofu ambayo hukustahili kuondoka nayo dukani.

Mtu anapokimbia, mara nyingi kisigino hugusa ardhi kwa ukingo wa nje, kisha mguu hujilaza kuelekea ndani, tao la unyayo likashuka kidogo na uzito ukasambaa. Baada ya hapo unyayo hukaza tena ili vidole, hasa kidole gumba, visukume ardhi. Kule kujilaza ndani ndiko wataalamu wanakokuita pronesheni, na kila mguu wenye afya hufanya hivyo, kwa kuwa ni njia mojawapo ya mwili kupunguza kishindo kabla hakijapanda gotini. Watu hutofautiana kwa kiasi, na hakuna kipimo kimoja ambacho wataalamu wote wamekubaliana kwamba mguu ukikivuka umekuwa na kasoro. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba mguu wake unalalia ndani amesema jambo ambalo angeweza kumwambia karibu kila mtu aingiaye dukani mwake.

Soli aliyoitazama haikumwambia mengi. Soli kulika nyuma, upande wa nje, ni jambo la kawaida kabisa, kwa sababu hapo ndipo wakimbiaji wengi wanapotua, na hata ikilika kwingine inaonyesha mahali ilipokwaruzana na lami, wala haionyeshi kifundo kilivyosogea ndani ya kiatu. Alama ya maji nayo inaonyesha umbo la unyayo uliosimama tuli. Wapo watu wenye nyayo bapa ambao vifundo vyao hutulia vizuri wakikimbia, na wapo wenye matao ya juu ambao vifundo vyao huanguka ndani. Ukitaka kuona mguu wako unavyofanya kazi, mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka nyuma, simu ikiwa karibu na ardhi, kisha mtazame picha hiyo kwa mwendo wa polepole mkifuatisha ile kano nene iliyo juu ya kisigino. Afanye hivyo mwanzoni mwa mazoezi na tena mwishoni ukiwa umechoka, maana mguu uliochoka hulala zaidi. Cha kutafuta ni tofauti kati ya kushoto na kulia, na mabadiliko kati ya mwanzo na mwisho.

Kuhusu madai kwamba utaharibu magoti, tafiti zilizofanyika hazimuungi mkono muuzaji kwa namna alivyolisema jambo hilo. Nchini Denmark, watafiti waliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 927 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kukimbia, wote wakiwa wamevaa viatu vya kawaida visivyo na kizuizi chochote cha kulalia ndani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha kwamba wenye miguu inayolalia ndani waliumia zaidi ya wengine, ingawa wale ambao miguu yao ililala sana walikuwa wachache mno. Katika jeshi la Marekani, makundi ya wanajeshi wapya yalipewa viatu kulingana na umbo la unyayo huku makundi mengine yakipewa aina moja tu bila kujali umbo, na majeraha hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Hata hivyo, haki inanitaka nitaje na upande wa pili: nchini Luxembourg, utafiti wa wakimbiaji 372 uliotolewa mwaka 2016 ulilinganisha kwa miezi 6 viatu viwili vilivyofanana kwa sura, kimoja kikiwa na kizuizi cha kulalia ndani na kingine bila, na waliovaa chenye kizuizi waliumia kidogo kuliko wenzao, faida hiyo ikionekana hasa kwa wale ambao miguu yao hulalia ndani. Ninavyosoma mimi ushahidi huu, kiatu cha kuzuia ni kifaa halali ambacho huwasaidia baadhi ya watu, hasa wenye maumivu ya upande wa ndani wa mguu, lakini mtu anayekimbia bila maumivu hana sababu ya kubadilisha kiatu chake kwa kuwa tu ameambiwa jina la mguu wake.

Wewe una maumivu, na yako mguu mmoja. Barabara ya lami hujengwa ikiwa imeinuka katikati ili maji ya mvua yatiririkie mitaroni, hivyo pembezoni pameinama. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, anayekimbia akiyatazama hukaa ukingo wa kulia, na hapo mguu wake wa kushoto unakanyaga upande wa juu wa mwinamo. Ukingo wa ndani wa mguu huo unakuwa chini kuliko ukingo wake wa nje, kwa hiyo kila hatua barabara inausukuma ulalie ndani zaidi, wakati mguu wa kulia unasukumwa nje. Zidisha hali hiyo kwa maelfu ya hatua za kila asubuhi, kisha uongeze kwamba kilomita zako zilikaribia kuwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na hutashangaa kwamba misuli na kano zinazolishikilia tao la mguu wa kushoto zimelalamika pale zinapoanzia, kwenye ugoko. Sikushauri uhamie upande wa kushoto, kwa sababu kuyapa mgongo magari alfajiri ni hatari kubwa kuliko maumivu yoyote ya ugoko. Tafuta mahali tambarare: uwanja wa shule yako, njia ya waenda kwa miguu palipo na upana, au barabara ya mtaa isiyo na magari ambako unaweza kwenda na kurudi ukibadilisha pande.

Kabla ya kiatu, pitisha kidole polepole juu ya mfupa wa ugoko. Maumivu yakienea kwa urefu wa kiganja hivi, hiyo kwa kawaida ni misuli na utando wa mfupa, na hutulia mtu akipunguza mbio. Yakiwa yamejikusanya mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, au yakikuamsha usiku, au yakiongezeka kadiri unavyokimbia badala ya kulegea, acha kukimbia na uende hospitali kupigwa picha, kwa maana huenda mfupa umeanza kupata ufa mdogo, na ufa huo hautibiwi na raba ya bei yoyote. Ikiwa si ufa, rudi kwenye kilomita 5 au hata chini yake, upandishe taratibu wiki baada ya wiki, na kila siku mbili simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, uinuke juu ya vidole na kushuka polepole, mara 10 hadi 15, mizunguko mitatu. Zoezi hilo la bure linaimarisha misuli ileile ambayo kiatu cha kuzuia kinajaribu kuisaidia.

Sasa kiatu. Kwa miaka mingi viatu vya kuzuia vilitambulika kwa sponji ngumu iliyopachikwa upande wa ndani wa soli, chini ya tao, mara nyingi yenye rangi ya kijivu. Ukiibonyeza kwa kidole gumba haiingii kama ile ya upande wa nje. Siku hizi watengenezaji wengi wameiacha na badala yake wanapanua soli, au wanainua kingo zake ili kisigino kikae kati yake. Brooks Adrenaline GTS ina kingo za namna hiyo, na ASICS Gel-Kayano, ambayo ipo sokoni tangu mwaka 1993, iliondoa sponji ngumu katika toleo lake la 30. Saucony Guide na Hoka Arahi nazo ni viatu vya kuzuia. Ninazitaja ili ukikutana nazo uzitambue, bila kusema kwamba lazima mguu wako uzipende.

Nenda dukani jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, na uvae soksi unazokimbilia. Funga kamba, simama wima, hakikisha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono imebaki mbele ya kidole kirefu, kwani wengi wetu tunanunua namba ndogo na kucha ndizo zinazolipa. Kisigino kisipande na kushuka. Chini ya tao usisikie uvimbe unaokusukuma; ukiusikia dukani, kilomita ya 10 utakuwa lengelenge. Kisha simama kwa mguu mmoja, ukunje goti kidogo, na umwombe mtu atazame kifundo kama kinatulia au kinaanguka. Kimbia hata hatua chache nje ya mlango, na muuzaji anayekukataza hilo muage kwa adabu. Jaribu kwa namna hiyo jozi tatu, zenye kizuizi na zisizo nacho, bila kutazama bei wala jina, ukachague ile ambayo mguu hauna neno nayo. Profesa Benno Nigg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, waliandika mwaka 2015 kwamba hisia hiyo ya kustarehe huenda ikawa kipimo bora cha kuchagulia kuliko kiasi cha kulalia ndani, na mimi nakubaliana nao.

Rafiki yako wa viatu laini nimwambie hivi: kwa mguu unaoanguka ndani, soli nene, laini sana na nyembamba kwa upana ndiyo ya kuogopa, kwa sababu inabonyea zaidi pale uzito unapoelemea. Shika kiatu kwa kisigino na kwa ncha, ukipinde kama unayekamua nguo. Kikikubali kujisokota kirahisi, kiache. Ukipata cha kawaida chenye soli pana na kinachogoma kujisokota, kwa bei ndogo kuliko kile cha nusu mshahara, unaweza kuanza nacho kwa moyo mweupe.

Swali

Kaka, mimi ni mama mfanyabiashara wa Igoma. Viatu vipya vya kukimbilia siviwezi, kwa hiyo nanunua mitumba katika soko la Mlango Mmoja. Kifundo changu kinaangukia ndani, hilo nimeambiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, naye akanishauri nitafute viatu vyenye kizuizi. Nitavijuaje kwenye rundo, na je, mtumba unafaa kweli?

*Mama wa Igoma*

Jibu

Dada yangu, unafaa, ila unahitaji macho, na kwa mguu kama wako unahitaji macho zaidi. Kiatu cha mtumba kimeshakanyagwa na mguu wa mtu mwingine, na sponji yake imebonyea kwa kuufuata mguu huo kama godoro lililolaliwa upande mmoja. Ikiwa mwenye nacho alikuwa akilalia ndani, kitakulaza ndani kuliko unavyolala ukiwa peku.

Usianze na sehemu ya juu, kwa maana wauzaji wetu wanajua kufua na kupaka soli weupe hadi kiatu kikameta. Kiweke juu ya meza au ubao ulionyooka, uchuchumae mpaka macho yawe sawa na kisigino, ukitazame kwa nyuma. Ukuta wa nyuma usimame wima. Ukiona umeinamia ndani hata kidogo, au kiatu kikitikisika ukikigusa juu, kirudishe kwenye rundo. Kisha tazama ubavu wa sponji chini ya kisigino: mikunjo midogomidogo kama ya ngozi ya mkono, ikiwa mingi upande wa ndani kuliko wa nje, inakuambia kuwa upande huo umekwisha kufa. Bonyeza kwa kidole gumba. Sponji hai hurudi, iliyokufa hukaa ngumu au hubaki na alama. Minya ukuta wa nyuma, nao usikubali kujikunja. Mwisho toa soli ya ndani, uangalie gundi iliyo chini yake, kwa sababu viatu vilivyokaa miaka mingi ghalani vinaweza kuwa na sura mpya kabisa na bado vikaachia soli wiki ya pili.

Kwa kuwa namba za Ulaya, Uingereza na Marekani huchanganya, soma lebo iliyoshonwa kwenye ulimi wa kiatu. Nyingi zina urefu kwa sentimita. Pima unyayo wako nyumbani ukiwa umesimama, uongeze sentimita moja hivi, uende na hesabu hiyo kichwani. Hakikisha pia kushoto na kulia ni jozi moja, kwani kwenye rundo hutokea vikapishana nusu namba.

Kiatu kipya kwa kawaida hudumu kati ya kilomita 500 na 800. Wa mtumba hujui umebakiza ngapi, kwa hiyo usiuvae hadi utoboke; kila baada ya miezi michache uweke tena mezani na uutazame kwa nyuma kama ulivyofanya sokoni. Na ukibahatika kukuta jozi iliyosimama wima, yenye ile sponji ngumu ya kijivu upande wa ndani, na bei inaeleweka, usiondoke kwenda kuzunguka kwanza. Haitakusubiri.

Swali

Nimeacha viatu kabisa, ninakimbia peku kwenye mchanga wa ufukweni Luchelele ili tao la mguu lijijenge, kisha ninaloweka miguu ziwani kupunguza maumivu ya nyayo. Je, ninafanya vyema?

*Kijana wa Nyegezi*

Jibu

Mdogo wangu, kukimbia peku kidogo kidogo kunaimarisha misuli ya unyayo, na hilo ni jema. Tatizo ni ufukwe. Mchanga karibu na maji umeinama kama ukingo wa barabara, hivyo mguu wa upande wa nchi kavu unalazwa ndani safari nzima, na mchanga mkavu wa juu unakifanya kisigino kizame na kuivuta kano ya nyuma. Ikiwa nyayo zinauma kiasi cha kuhitaji kulowekwa, basi umezidisha. Anza na dakika 5 au 10 kwenye majani ya uwanja, mara mbili kwa wiki, na mbio nyingine zote ufanye na viatu.

Kuhusu kuloweka miguu ziwani, nakuomba uache leo. Maji ya ukingoni, hasa penye magugu na konokono, ndimo vinamokaa vijidudu vya kichocho, navyo hupenya kwenye ngozi isiyo na jeraha lolote. Beseni la maji ya bomba litakufaa vivyo hivyo. Kwa kuwa umekuwa ukifanya hivyo kwa muda, pitia kituo cha afya upime; dawa yake ipo na inatibu vizuri.

Swali

Mwanangu wa miaka 9 amechaguliwa kukimbia katika mashindano ya UMITASHUMTA. Nyayo zake ni bapa kabisa, na jirani ameniambia nimnunulie viatu vya kunyanyua tao kabla miguu haijapinda. Huku Nansio havipatikani. Nivuke hadi Mwanza kuvitafuta?

*Mzazi, Ukerewe*

Jibu

Mzazi mwenzangu, weka nauli yako kwanza. Karibu watoto wote huzaliwa na nyayo bapa, tao hujijenga kadiri wanavyokua, na kwa wengi huonekana vizuri kabla ya miaka 10, ingawa wapo wanaobaki na nyayo bapa hadi utu uzima bila kusumbuka. Mwambie asimame kwa vidole huku ukimtazama kutoka nyuma. Tao likijitokeza na visigino vikigeukia ndani kidogo, unyayo wake ni bapa lakini unakunjika na una nguvu, na kama hauumi hauhitaji kiatu cha kunyanyua chochote. Amezoea kukimbia peku, na akimbie hivyo, mradi uwanja hauna miiba wala vigae vya chupa.

Utakapomnunulia raba, nunua inayomwenea sasa, yenye nafasi ya kidole gumba mbele na inayokunjika penye vidole. Usimnunulie ya kukulia miaka miwili, kwani mguu unaoelea ndani ya kiatu hujikwaa na kujisokota. Kwa daktari mpeleke iwapo tao halitokei anaposimama kwa vidole, unyayo ukiwa mgumu kama ubao, mguu mmoja ukiwa bapa na mwingine sivyo, au akianza kuchechemea na kukataa kucheza.